ARI YETU IKO WAPI?



Jumapili iliyopita mkutano wa tawi letu uliitishwa hapa Changamwe saa 10 alasiri. Mpaka saa 11 tulikuwa watu kumi na mmoja, pamoja na mweka hazina aliyekuja na daftari lake na mtoto wake mdogo. Wakati wote huo tulisikia vigelegele kutoka kibanda cha mpira ng'ambo ya barabara. Humo walijaa wanachama wetu, wengine wamesimama, na kila mmoja amelipa kiingilio mlangoni bila kubembelezwa, ili awatazame vijana wa Arsenal ambao hawajui kama Changamwe iko duniani.

Hatusemi mpira ni mbaya. Mmoja wetu katika halmashauri hii, ambaye hatutamtaja, aliukimbia mkutano wa mwaka jana kwa sababu hiyohiyo. Twasema tu kwamba wanaodai mfanyakazi wa siku hizi hana ari hawasemi kweli. Ari anayo, na anayo nyingi. Mtazameni wa Likoni anayeamka saa 10 za usiku ili awahi feri. Mtazameni mwimbaji wa kwaya anayetoka zamu ya usiku akaenda mazoezini na macho mekundu. Kukitokea msiba Kisauni, kabla jua halijachwa sufuria zimekwisha azimwa na mchango umeandikwa jina kwa jina. Bibi zetu hapa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa sare na kwa karamu, na mwanamke aliona heri auze pambo lake kuliko kundi lake lishindwe. Hakuna aliyewafuata kwa barua ya kuwakumbusha ada.

Basi kwa nini ari hiyo haivuki barabara ikaingia mkutanoni?

Twadhani sababu moja ni hii. Katika msiba na katika ngoma mtu huuona mkono wake mwenyewe. Katika chama, siku hizi, ada hukatwa ofisini kabla hatujaugusa mshahara. Mtu hatoi, anatolewa. Mwisho wake hukiona chama kama duka alilokwisha lipa, akakaa akingoja bidhaa.

Wazee wetu hawakuanza hivyo. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, kiasi cha 15,000, waliweka kazi chini kwa ajili ya mishahara midogo na ughali wa maisha. Walikuwamo watu wa reli, wa bandari, wa mahoteli, na watumishi wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, wakastahimili siku kumi na mbili. Chama chao, African Workers' Federation, kilizaliwa humohumo katika mgomo. Bwana Eliud Mathu alikuja akawasihi warudi kazini ili madai yao yasikilizwe, na baadaye baraza la Jaji Thacker likawaongezea wengi mishahara.

Lakini mwezi wa Agosti mwaka uleule kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet, na chama kikadhoofika. Ari ya kuwakusanya watu uwanjani ilikuwapo. Iliyopungua ni ile nyingine, ya kushika daftari baada ya uwanja kuwa mtupu, na serikali ya kikoloni haikuwapa nafasi ya kuijenga.

Ari hiyo ya pili alikuwa nayo Makhan Singh. Alikuwa mtu wa kiwanda cha uchapaji cha baba yake huko Nairobi, akawa katibu wa chama cha wafanyakazi tangu mwaka 1935. Alikamatwa Mei 1950, hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Alipotoka hakupewa cheo kikubwa. Alikaa na makaratasi yake akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya, ikatolewa mwaka 1969. Mengi tunayoyajua leo juu ya wale waliotutangulia twayajua kwa sababu mtu huyu hakutupa karatasi.

Watu wa reli hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Genge la njia hupita likitazama taruma moja baada ya jingine, misumari na viungo, na hakuna abiria anayewapigia makofi.

Sasa tuje kwetu. Miezi minane iliyopita mwenzetu mmoja aliumia mkono yadini wakati wa kuunganisha mabehewa. Siku ile ari yetu ilikuwa moto. Watu walipaza sauti, wengine wakataka tugome saa ileile. Kesho yake halmashauri ilitafuta watu watatu walioona kwa macho yao, waandike maelezo na kutia sahihi. Hakupatikana hata mmoja. Huyu ana haraka, yule aogopa nyapara, wa tatu asema chama kipo kwa kazi hiyo. Mwajiri naye anasema mkono uliumia kwa uzembe wa mwenyewe, na hatuna karatasi ya kumjibu. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini yataka dai lipelekwe katika muda wa miezi 12. Imebaki minne. Mwenzetu ana watoto watatu shuleni, na mkono wake wa kulia haushiki hata kikombe.

Mkutano utaitishwa tena Jumapili ijayo, saa 8 mchana, mahali palepale. Waliotoka kanisani watakuwa wamekwisha kula, na waliosali adhuhuri watakuwa wamekwisha rudi. Saa ya mpira tumeuliza, ni saa 11, kwa hiyo hakuna atakayekosa kitu. Waliokuwa zamu ya asubuhi siku ile yadini twawaomba wafike mapema. Karatasi tutaleta sisi, na katibu atakaa mezani tangu saa 7 kuwasaidia wasiopenda kuandika.