Mbunge aliyemfuata aliyemsema



Ndugu zangu katika imani, juzi kwenye kundi letu mmoja kaweka picha ya Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Chini yake matusi yakaanza. Huyu anamwita shujaa wa Uislamu, yule anamtoa katika dini kabisa. Nimeona nisinyamaze.

Bwana huyu alizaliwa Detroit mwaka 1963, akalelewa Mkatoliki, akasilimu akiwa chuoni, na umri wa miaka 19. Watu wa Minnesota walimchagua Novemba 2006. Ilipojulikana kwamba atashika Qur'ani kwenye kiapo, moto ukawaka. (Niwasahihishe wanaosambaza habari: wabunge wa kule huapa wote kwa pamoja, bila kitabu. Kitabu ni cha hafla ya picha baadaye. Na katiba yao inakataza kumpima mtu kwa dini yake ili apewe uongozi.) Mbunge wa Virginia, Virgil Goode, akaandika barua akionya kwamba uhamiaji usipodhibitiwa, Waislamu wengi zaidi watachaguliwa. Uhamiaji gani? Mtu kazaliwa Detroit!

Sasa tazameni alichofanya. Hakurudisha tusi. Aliazima kutoka Maktaba ya Bunge nakala ya Qur'ani iliyokuwa ya Thomas Jefferson, tafsiri ya George Sale, na Jefferson ni mtoto wa Virginia hiyo hiyo. Tusisahau hapo, Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake, na miongoni mwa Waafrika waliopelekwa nchi ile walikuwamo Waislamu ambao hakuna aliyewaazima msahafu. Kisha siku ya kiapo, Januari 2007, Ellison akamfuata Goode, akampa mkono, wakaahidiana kahawa. Nani kati yetu anaweza hilo kwa jirani aliyemsema vibaya kwenye kikao cha msikiti?

Simtakasi. Katika suala la ndoa ametetea mambo ambayo dini yetu haiyakubali, na hilo tunalisema wazi. Lakini kosa la mtu si ruhusa ya kumkufurisha. Mlango huo maulamaa wameuogopa, wewe mwenye simu mkononi unauingia kwa viatu! Mtu kahiji mwaka 2008. Baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, na ofisi yake ndiyo iliyoongoza mashtaka ya polisi aliyemuua George Floyd, akafungwa miaka zaidi ya 22. Dhulma ile dunia nzima iliiona.

Kiti chake bungeni kilichukuliwa na Ilhan Omar, binti wa Kisomali aliyeishi ukimbizini Kenya. Mwaka 2019 bunge likalegeza kanuni ya tangu 1837 ya kutofunika kichwa ukumbini, akaingia na hijabu yake.

Mliotukana pale kwenye kundi, futeni kwanza. Halafu njooni tujadili, nipo baada ya Isha.

Wallahu a'lam.