Mtumishi wa Makao Makuu Apumzike Wapi na Watoto Wake?

Hapana jambo linalozungumzwa kwa dharau na baadhi ya watumishi waliohamia Dodoma kuliko jioni za mji huu. Mchana hawana lawama kubwa. Wizara zipo Mtumba, Bunge lipo, na faili halisafiri tena kilomita mia nne na ushei kwenda kutafuta saini. Lakini ifikapo saa kumi na mbili jioni utawasikia wakisema kwamba Dodoma hapana kitu: hapana bahari, hapana upepo, hapana pa kwenda. Na ifikapo Ijumaa maneno hayo hugeuka vitendo. Mikoba hufungwa chini ya meza za ofisi, na watu wakaelekea stesheni kuwahi treni ya kwenda "nyumbani".

Neno hilo "nyumbani" ndilo linalostahili kupimwa. Mtumishi aliyepanga vyumba viwili Nkuhungu au Kisasa, hali mkewe na watoto wamebaki Tabata, nyumbani kwake ni Tabata. Na mama aliyehamishiwa wizarani, mumewe akabaki na watoto Mbagala, hali yake ni hiyo hiyo, pengine ni mbaya zaidi, maana yeye akikaa peke yake mezani saa mbili usiku akila chipsi, watu humtazama.

Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na kabla ya kuamua kiliyauliza matawi yake nchi nzima. Matawi 1,017 yalikubali na 842 yakakataa. Tofauti haikuwa kubwa, na hapana haja ya kuwasimanga walioogopa. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa herufi za CDA, iliundwa mwaka huo huo, na mwaka 1976 ikapata ramani kuu iliyochorwa na wataalamu kutoka Canada, ramani ya mji wa watu waendao kwa miguu, kwa baisikeli na kwa basi, wenye maeneo ya wazi katikati ya makazi. Miaka mingi ikapita mji ukiwa nusu. Ndipo mwaka 2016 Rais John Magufuli alipotamka kwamba sasa Serikali inahama kweli, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la Jiji la leo. Ile ya mwaka 2022 ilikuta watu 765,179.

Watu basi wamekuja. Lakini sensa huhesabu vichwa, na haisemi ni baba wangapi walihesabiwa Dodoma na watoto wao wakahesabiwa Temeke.

Treni za reli ya kisasa zilipoanza safari za Dodoma mwezi Julai 2024, wengi walifurahi kwa haki. Safari iliyokuwa ikila siku nzima ndani ya basi ikawa ya saa nne au pungufu. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000. Mtumishi anayekwenda na kurudi kila wiki hutumia shilingi 62,000, na kwa wiki nne ni 248,000. Kwa mwalimu fedha hizo ni mabati ya kuezeka, ni ada, ni mbuzi wa kutosha kuanzisha zizi. Huzitumia kwa sababu anataka kumwona mtoto wake akicheza, na hapana mwenye haki ya kumlaumu kwa hilo. Akifika huko Jumamosi hupitia Kariakoo, akanunua viatu vya shule na mashuka, na hivyo mshahara uliolipwa Dodoma huishia katika maduka ya pwani. Mfanyabiashara wa soko la Majengo au wa Soko Kuu la Job Ndugai huuza nyanya na mchele kwa mtumishi huyo siku za kazi, nguo za watoto hamuuzii. Kisha watu wale wale huuliza kwa nini maduka ya Dodoma hayana bidhaa za kuchagua.

Sasa na atazamwe yule aliyeamua kuhama na familia nzima, kwa kuwa huyo ndiye aliyetii wito kwa ukamilifu. Jumamosi jioni watoto wanamdai matembezi. Anakwenda wapi? Mara nyingi huenda baa. Hii si kejeli. Miji yetu imezalisha kitu cha ajabu kiitwacho mahali pa familia, nacho ni baa yenye bembea. Baba na mama hukaa kwenye viti vya plastiki na chupa zao, kilo ya nyama ipo jikoni inachomwa kwa saa nzima, na watoto hurushwarushwa kwenye turubai la kuruka huku spika kubwa zikiwapigia nyimbo za watu wazima. Saa nne ya usiku mtoto wa darasa la pili amelala juu ya viti viwili vilivyounganishwa, kafunikwa koti la baba. Jumatatu mwalimu wake huuliza kwa nini anasinzia.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mwanawe. Mzazi huyu, kwa akili yake, ametimiza wajibu. Amempeleka mtoto mahali palipo na bembea, na kama bembea nyingine zote zimo ndani ya baa, hapana haki ya kumhukumu kabla ya kumuuliza aliyepanga mji.

Hoja ya bahari nayo haina budi kujibiwa, kwa sababu imekuwa kisingizio. Mahali panaposifiwa kuliko pote kwa jioni za familia katika nchi hii ni Forodhani, Zanzibar, bustani iliyokarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Jua likizama, wauzaji hutandaza meza zao, pweza na mishikaki hunukia, miwa hukamuliwa, na pale hukaa bibi na wajukuu zake, wanafunzi, watalii, watu wa kila hali. Bahari ipo hatua chache tu, lakini usiku huo nani anaiona? Ni giza tupu upande ule. Kinachowaweka watu pale ni taa, chakula cha bei inayolipika, mahali pa kukaa bila kulazimishwa kununua, na amani ya mama kujua kwamba hapana mlevi atakayemwangukia mwanawe. Katika vitu hivyo vyote hapana hata kimoja kilichotoka baharini.

Tena Dodoma imepewa na Muumba kitu ambacho pwani haina. Mji umekaa kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni nadra sana. Jioni zake ni kavu na baridi ya wastani, na mwezi Julai huhitaji sweta. Kwa miezi karibu saba mtu anaweza kupanga onyesho la wazi bila kuogopa mawingu.

Wala mji hauanzi na mikono mitupu. Nyerere Square ipo katikati, na watu huketi hapo jioni. Chinangali Park ilijengwa miaka ya karibuni kwa ajili ya mapumziko, na watoto wanaijua. Mnada wa Msalato siku ya Jumamosi ni soko na tamasha kwa pamoja: ng'ombe na mbuzi, mitumba, vyungu, nyama choma, vijana wa Kigogo wenye fimbo wakibishana bei. Mtoto aliyezaliwa mjini akipelekwa Msalato mara moja hujifunza jambo ambalo kitabu hakikumfundisha, ingawa jioni, pombe ikishapanda, ni vema awe amesharudi. Upande wa Kondoa ipo michoro ya miambani ya Kolo, iliyoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na barabara ya lami inapita huko. Ni watumishi wangapi wa wizara wameiona? Wengi wao wanalijua jina la kila hoteli ya ufukweni kutoka Kigamboni hadi Bagamoyo.

Na ngoma. Hapa ndipo panapouma. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizaliwa katika mkoa huu, akaichukua ilimba na zeze ya Wagogo akaipigia dunia, Ulaya na Japani wakamsikiliza kimya. Patrick Balisidya wa Afro 70 alikuwa mzaliwa wa Mvumi. Akina mama wa Kigogo wanapopiga muheme, ngoma zimebanwa kati ya magoti na sauti zikipishana, mgeni husimama akasahau alikokuwa akienda. Lakini katika makao makuu ya nchi muziki huo husikika wapi? Aghalabu uwanja wa ndege, saa saba mchana, juani, kumpokea mgeni rasmi. Kisha wapigaji hupewa soda na kupakiwa kwenye gari. Jumamosi usiku, wakati mtumishi analalamika kwamba hapana kitu, wao wapo Chamwino wamelala.

Wapo watakaosema kwamba starehe ni anasa, na kwamba nchi yenye vijiji visivyo na maji ya bomba haipaswi kujadili bembea. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini historia haiiungi mkono. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake mwaka 1964, miaka mitatu tu baada ya Uhuru, nchi ikiwa maskini kuliko ilivyo leo. Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, lilijenga ukumbi Kariakoo na baadaye likaichukua Mlimani Park. Kumbi hizo ziliuza bia, ni kweli. Hata hivyo palikuwapo pia dansi la mchana, lile lililoitwa bugi, vijana wakacheza na kurudi makwao kabla ya giza. Viongozi wa wakati ule walijua kwamba mfanyakazi ana jioni, na kwamba jioni hiyo ikiachwa bila mwenyewe, mwenye duka la pombe ataichukua.

Kisingizio cha wakubwa wawili nacho kimekwisha. Zamani mwananchi aliyeuliza habari ya kiwanja cha wazi cha mtaa wake aliambiwa aende CDA, na huko akaambiwa aende Manispaa. CDA ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikakabidhiwa Halmashauri. Tangu hapo mwenye ramani ni mmoja. Kwa hiyo Halmashauri ya Jiji ibandike katika kila ofisi ya mtaa orodha ya viwanja vya wazi vilivyomo katika ramani, pamoja na matumizi yake ya leo, wananchi wasome ni kipi kimebaki uwanja, ni kipi kimekuwa gereji, na ni kipi kimekuwa baa yenye bembea. Shule za msingi zenye viwanja vizuri zifungue milango Jumamosi mchana chini ya ulinzi wa kamati zake, na mwalimu atakayesimamia alipwe posho, asiombwe kujitolea kama ilivyo desturi. Wapigaji wa Chamwino na Mvumi wapewe jukwaa la kudumu Nyerere Square, mara moja kwa mwezi kwa kuanzia, kwa malipo yanayojulikana.

Gharama kubwa haipo hapo. Ipo katika vitu vinne ambavyo havizinduliwi kwa kukata utepe: taa, maji, choo na mlinzi. Diwani anayetaka kujua aanzie wapi, achukue mtoto wa miaka minne Jumamosi saa moja usiku, ampeleke kwenye uwanja wowote wa wazi ndani ya kata yake, amnunulie chupa ya maji, kisha akae naye nusu saa mpaka mtoto aulize choo kiko wapi.