Mwenye Nguvu Ajifanyapo Mnyonge: Haki ya Madaraja katika Bakigamoni

Katika mashindano makubwa ya bakigamoni, kama yale ya Marekani na Monte Carlo, wachezaji hawatiwi wote katika chungu kimoja. Aghalabu huwapo daraja la mabingwa, la kati na la wanagenzi, kila moja na kiingilio chake na zawadi zake. Lengo ni jema: mwanagenzi asigharimie nauli, hoteli na kiingilio ili apigwe asubuhi na kurejea kwao adhuhuri. Lakini ni nani aamuaye kwamba fulani ni mwanagenzi?

Jibu la mazoea ni rahisi kupita kiasi. Mchezaji hujitangaza mwenyewe, naye msimamizi humkubalia au humpandisha kwa kumjua sura. Hapo ndipo mjanja apatapo mwanya. Anajua kwamba katika daraja la juu atakuwa windo, ilhali katika la kati atakuwa mwindaji. Basi hujikunyata chini mwaka baada ya mwaka akivuna zawadi za wanaojifunza. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hawakusema mwenye nguvu ajifanye mnyonge ili apishwe.

Wapo wanaodai kwamba dadu ni hakimu wa kutosha. Fundi wa bao, mchezo usiotegemea dadu hata chembe, yamkini atacheka. Hata hivyo dai hili lina ukweli ndani yake. Fomula ya FIBS, seva ya bakigamoni iliyofunguliwa kwenye intaneti mwaka 1992, hukadiria kwamba mchezaji anayemzidi mwenzake kwa alama 200 atashinda mechi ya pointi moja mara 56 hivi katika 100. Katika sataranji, kwa kipimo cha Arpad Elo, pengo la alama 200 humpa aliye bora takriban 76. Ili bakigamoni ifikie 76 hiyo kwa fomula ya FIBS, sharti mechi iwe ya pointi 25. Mechi za madaraja ya chini ni fupi mno kuliko hiyo.

Natija yake ina pande mbili. Dadu humpa mnyonge tumaini katika mechi moja, lakini hazimlindi msimu mzima, kwani faida ndogo ya mjanja hujirudia raundi baada ya raundi. Kwa upande mwingine, sheria ya kumpandisha kila anayetwaa kombe humwadhibu mwanagenzi ambaye wikendi moja tu dadu zilimwangukia vyema.

Kombe moja basi si kipimo. Programu kama GNU Backgammon na eXtreme Gammon, iliyotoka mwaka 2009, hupima makosa ya mchezaji hatua kwa hatua, awe ameshinda au ameshindwa. Ambaye wastani wake hukaa chini ya 5 katika eXtreme Gammon huhesabiwa miongoni mwa mafundi wa dunia, na hana udhuru wa kuketi na wanagenzi hata kama hajawahi kugusa kombe. Kasoro ipo: mechi haina budi kurekodiwa na kunakiliwa, kazi ngumu kwa msimamizi asiye na wasaidizi. Isitoshe, anayetaka kubaki chini anaweza kukosea makusudi mbele ya kamera.

Ndiyo maana dawa ya sataranji ya Marekani yastahili kuazimwa. Huko mchezaji huwekewa sakafu, alama 200 na ushei chini ya kilele alichowahi kufikia, na hata akishindwa mara ngapi hashuki zaidi ya hapo. Katika bakigamoni kilele hicho kihesabiwe baada ya mechi nyingi, si baada ya wikendi ya bahati. Mzee ambaye makali yake yamepungua aruhusiwe kuomba kushushwa, mradi ombi lijulikane na washindani wote. Muhimu kuliko yote, zawadi za fedha katika madaraja ya chini zipunguzwe, na kiingilio cha wanagenzi kishuke pamoja nazo. Mwindaji hapigi kambi pasipo na nyama.