Tunaomba Jumamosi Zenu

Nawaandikia akina mama na akina dada wa Dodoma, wenyeji wa Ugogo pamoja na ninyi mliohamia na wizara zenu tangu 2016. Nina ombi, na si la pesa.

Jumamosi alasiri, katika kumbi za makanisa yetu mjini na vijijini, wasichana wa shule hukutana kwa sanaa: kwaya, ngoma, igizo la Pasaka, kuchora, kutunga shanga. Wa kuwafundisha nyimbo hatukosi. Tunayemkosa ni mlezi, mwanamke mtu mzima aliyekuja kwa ajili ya wasichana wenyewe, anayewajua kwa majina na kuuliza nani hajaja leo na kwa nini.

Zamani nafasi hiyo haikuwa wazi. Huku kwetu ngoma ni ya wanawake: kwenye muheme mama huibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, na wasichana waliifahamu ngoma hiyo wakati wa unyago, sambamba na mafunzo ya utu uzima. Tusidanganyane, penye mafunzo hayo palikuwa pia na kisu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 mkoani Dodoma wamekeketwa. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na viongozi wa dini nao wamekemea. Ni sawa kabisa. Ila tulipokifukuza kisu, tulimfukuza pamoja nacho yule bibi aliyekaa na binti akamfunda, na hatukuweka mtu mahali pake. Kazi yote tumemwachia mwalimu wa darasa lililofurika, na simu.

Njoo uone jinsi mambo yanavyokwenda. Kabla ya kupigwa, ngoma huanikwa juani au kuoteshwa moto wa nyasi ili ngozi ikaze. Ukiharakisha, inalia kama gunia. Basi wasichana hukaa kivulini wakisubiri, na hapo ndipo maneno yanapotoka. Mmoja anasema, macho chini, kwamba shangazi amemwambia likizo ikiisha asirudi shule, kuna mama Dar es Salaam anatafuta msichana wa kazi. Mwingine anataka kujua akichagua tahasusi ya sanaa atapata ajira gani. Wa tatu hasemi kitu, anachorachora chini kwa kijiti. Mlezi mzuri humwona huyo wa tatu.

Kwa kazi hii huhitaji kujua kupiga ngoma. Dada wa ofisi za wizara kule Mtumba, wewe unajua fomu ya mkopo wa chuo inavyojazwa, unajua vyuo vya ufundi vya VETA vinachukua nani, unajua kwamba msichana mwenye kipaji anaweza kwenda kusomea sanaa TaSUBa, Bagamoyo, mahali ambapo Mgogo mwenzake, marehemu Hukwe Zawose, alifundisha. Mweleze pia habari za Pendo na Leah wa ukoo huo huo wa Zawose, ambao mwaka 2024 walitoa albamu yao, Maisha, chini ya jina la The Zawose Queens, baada ya miaka ya kuimba nyuma ya wanaume. Na wewe bibi wa Mvumi au Bahi, unayedhani darasa ni la waliosoma: ngoma unayo wewe. Dkt. Kedmon Mapana, ambaye baadaye alikuja kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), aliona mapema kwamba watoto wa Kigogo wanakua bila muziki wao, na tamasha la muziki wa Kigogo la Chamwino ni tunda la hofu hiyo. Tamasha lakini ni la siku chache. Jumamosi ziko hamsini na mbili.

Najua wapo Wakristo wanaosikia muheme wakanusa upagani. Siwacheki, wana historia yao. Nawaomba tu waje siku ya sadaka katika kanisa la kijijini Ugogo, wawaone akina mama wa kanisa wamejifunga khanga kiunoni, ngoma magotini, wanamwimbia Mungu kwa Kigogo.

Sasa masharti, maana upole bila utaratibu huumiza watoto. Njoo ukiwa tayari kukaa mwaka mzima. Mgeni wa wiki tatu anayeondoka na picha za kutosha kwenye simu yake anamwachia msichana jeraha, na wageni hao tunao tele, kamera zao zimezidi kwa wingi brashi zetu za kuchorea. Lete barua ya mchungaji au paroko wako na ya serikali ya mtaa. Usikae na mtoto peke yenu chumbani, wala usimpe ahadi ya siri: akikwambia jambo la kutisha, lifikishe kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Tena usikate tamaa mvua zikianza Desemba na darasa likabaki nusu. Wasiokuja wako shambani, kwenye mtama na karanga. Mlezi anaweza kuwafuata huko, akapalilia mistari miwili mitatu huku wakizungumza. Mama wa binti akiona hivyo, ruhusa ya Jumamosi haisumbui tena.

Akina baba, tunawahitaji kwa kuwamba ngoma, kutengeneza benchi na kuwasindikiza watoto jua likizama. Ulezi wenyewe tuachieni sisi.

Jumapili hii, ibada ikiisha, usikimbilie daladala. Mtafute katibu wa kanisa lako umwulize darasa la wasichana hukutana saa ngapi. Akikujibu kwamba halipo, mwulize ufunguo wa ukumbi anao nani.