Mtoto amechangamka, dawa za nini tena?

Mzazi, umerudi Songea na mwanao kutoka Muhimbili. Homa imekwisha, fizi hazitoki damu, na jana jioni alikuwa anakimbizana na wenzake pale Lizaboni. Daktari amekuambia kipimo cha uloto ni kizuri. Sasa shangazi yake anauliza: kwa nini mnaendelea kumpa mtoto dawa kali wakati amepona?

Kabla hujamjibu shangazi, nisikilize. Mtoto hajapona bado. Amepata nafuu, na kwa saratani ya damu hayo ni mambo mawili tofauti.

Saratani hii huanzia kwenye uloto, ile nyama laini ndani ya mfupa ambako damu hutengenezwa. Siku inapogunduliwa, mwilini mwa mtoto kunaweza kuwa na seli za saratani zipatazo trilioni moja. Dawa za mwezi wa kwanza huzipukutisha mpaka mpimaji akitazama kwenye hadubini anaona uloto wa kawaida. Hata hapo zinaweza kuwa zimebaki hadi bilioni 10, zimetawanyika katikati ya seli nzima.

Kama unalima mahindi, unaijua ndago. Unapiga dawa ya magugu, majani yanakauka, shamba linapendeza. Kumbe chini ya udongo vile viazi vyake vidogo viko salama, na mvua ikinyesha inachipua upya. Uloto nao huwa maficho ya namna hiyo. Dawa nyingi za saratani huiua seli wakati inajigawa, kwa hiyo seli iliyolala hupitwa. Nyingine hujishikiza kwenye seli za kawaida zinazoujenga uloto, nazo huzipa ishara za kuendelea kuishi. Ipo dawa iitwayo asparajinesi, kazi yake ni kuondoa kwenye damu kirutubisho ambacho seli za saratani zinakitegemea. Wataalamu wameona maabara kwamba seli jirani ndani ya uloto zinaweza kukitengeneza kirutubisho hicho na kuwagawia wagonjwa hao wa karibu. Na kuna seli zinazoisukuma dawa nje kabla haijafanya kazi.

Hii ndiyo sababu hatutumii dawa moja. Mwaka 1948 Daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, alieleza jinsi watoto aliowapa dawa iitwayo aminopterini walivyopata nafuu. Ilikuwa habari kubwa, lakini nafuu ile ilikuwa ya muda tu, ugonjwa ukarudi. Leo hutolewa dawa kadhaa pamoja, mojawapo ikiwa vinkristini, inayotokana na lile ua la rangi ya waridi lenye petali tano ambalo wengi wamelipanda uani. (Tafadhali usilichemshe. Lina sumu, na dawa yenyewe hupimwa kwa uangalifu mkubwa.)

Matibabu yote huchukua miaka 2 hadi 3, na sehemu ndefu kuliko zote ni ya vidonge vya nyumbani: kwa kawaida merkaptopurini kila siku, na methotreksati mara moja tu kwa wiki. Usizichanganye ratiba hizo mbili. Sehemu hii haina kitanda wala dripu, kwa hiyo watu huidharau. Huko Marekani, Daktari Smita Bhatia na wenzake walifuatilia watoto waliokuwa wakimeza merkaptopurini. Waliokosa zaidi ya dozi 5 katika kila 100 walirudiwa na ugonjwa zaidi ya maradufu kuliko wenzao. Dozi 5 katika 100 ni kama siku moja na nusu kwa mwezi. Safari moja ya msibani bila vidonge inatosha kufika hapo.

Hapa nina ugomvi na sisi wa sekta ya afya. Tunamwambia mama "mtoto yuko vizuri", halafu tunashangaa haonekani kliniki.

Lakini nina ugomvi mkubwa zaidi na namna tunavyochangishana. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Watoto wenye saratani pale Muhimbili hutibiwa bila malipo, kwa msaada mkubwa wa taasisi ya Tumaini la Maisha. Nauli ya basi ni juu yako, na mama aliyeko Dar mwezi wa Desemba hapandi mahindi. Ukoo huchanga kwa moyo wote siku mtoto anapozidiwa, fedha zinaisha mwezi wa kwanza, na safari ya tano haina mchangiaji kwa sababu mtoto ananenepa. Mwenye kutunza daftari la michango atenge nauli ya mwaka mzima kabla ya kugusa kitu kingine. Naamini pia kwamba vipimo vya damu vya katikati vingefanyika hapa hapa hospitali ya mkoa, majibu yakatumwa Dar kwa simu, safari zikapungua. Muulize daktari wako jambo hilo kabla hujaruhusiwa kuondoka, na aandike namba yake kwenye kadi.

Na mtoto akipata homa akiwa kwenye vidonge hivi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Chukua na kadi.