Ritifaa Inayopotea Njiani: Kibodi ya Kimataifa na Tahajia ya Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Katika tahajia ya Kiswahili, mwiba huo ni ritifaa, ile alama ndogo inayotenganisha ng'oa na ngoa. Neno la kwanza ni kitendo cha kutoa kitu kilichoshika mizizi. La pili ni tamaa au wivu. Anayeiacha ritifaa hapunguzi nukta ya wino tu, bali huandika neno jingine. Katika enzi hii alama hiyo hupotea hata pale mwandishi alipoiandika, na msahihishaji wa tasnifu akamlaumu mwanafunzi kwa kosa lililotendwa na mashine.

Ni vyema kueleza jinsi kosa hilo linavyotokea. Mwanafunzi aliyeketi katika Mji wa Kale wa Mombasa, hatua chache kutoka barabara ya Ndia Kuu, si lazima amiliki tarakilishi yenye nguvu. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifikishwa Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo imekuwa rahisi zaidi kufungua kivinjari na kuifanyia kazi tarakilishi pepe. Hii ni tarakilishi isiyo na umbo lake yenyewe. Huishi ndani ya mashine kubwa iliyo mbali, labda Ulaya au Marekani, na skrini yake huonekana ndani ya dirisha la kivinjari. Hapo ndipo kibodi moja inapotawaliwa na mabwana wawili. Tarakilishi iliyo mezani ina mpangilio wake wa herufi, na ile ya mbali ina mpangilio wake.

Kitufe kinapobonyezwa, programu iliyo katika kivinjari hupeleka mojawapo ya mambo mawili. Baadhi ya programu hupeleka mahali pa kitufe, na mashine ya mbali ikaamua pana herufi gani. Nyingine hupeleka herufi yenyewe, na mashine ya mbali ikalazimika kutafuta kitufe kinachoizaa katika mpangilio wake. Isipokipata, herufi hudondoka au hugeuka. Kwa vyovyote vile, mipangilio miwili isipopatana, kinachofika sicho kilichotumwa.

Mpangilio unaoitwa wa kimataifa ndio unaoiumiza zaidi ritifaa ya Kiswahili. Mpangilio huo ni ule wa Marekani uliorekebishwa ili kuzifaa lugha zinazoweka alama juu ya irabu, kama vile Kifaransa, Kihispania na Kireno. Ndani yake kitufe cha ritifaa hakiandiki kitu papo hapo. Husubiri herufi inayofuata, nayo ikiwa irabu, huivika mkwaju. Basi ng'ombe akawa ngómbe, ng'ambo ikawa ngámbo, na kung'aa kukawa kungáa. Inatosha tarakilishi ya mbali iwe imewekewa mpangilio huo bila ya mtumiaji kujua. Katika tarakilishi yake ya mezani ataandika sahihi. Katika ile pepe ataharibikiwa, kisha ajishuku mwenyewe.

Yapo madai kwamba Kiswahili kinatosheka na herufi za Kilatini zilizomo katika kila kibodi, na kwamba msomaji ataelewa kutokana na muktadha. Madai hayo ni kweli nusu. Binadamu huelewa kwa muktadha, lakini mashine ya utafutaji haielewi. Mtafiti anayehesabu matumizi ya neno ng'ombe katika mkusanyiko wa matini hatampata ngómbe, na matokeo yake yatakuwa na kasoro asiyoijua. Isitoshe, kinachoitwa cha kimataifa hapa si cha mataifa yote; kimekadiriwa kwa mahitaji ya baadhi ya lugha tu.

Kwa Mombasa hasara ni kubwa zaidi. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tofauti nyingi za sauti za Kimvita zikabaki nje ya tahajia rasmi. Mmvita hutenganisha kaa la moto na k'aa wa baharini, paa la nyumba na p'aa wa mwituni, kwa mpumuo ambao wanaoshughulikia lahaja hiyo huuonyesha mara nyingi kwa ritifaa. Mpangilio wa kimataifa hugeuza k'aa kuwa káa na p'aa kuwa páa. Hivyo, alama iliyoachwa nje na tahajia sanifu huzuiwa kwa mara ya pili na kibodi.

Hali ni hiyo hiyo kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwayo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa yake ya Kiswahili mjini humo mwaka 1930. Mwaka 1997 Yahya Ali Omar, mwana wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mapendekezo ya kuiboresha hati hiyo kwa kufuata Kiswahili cha Mombasa. Kazi ya namna hiyo yahitaji kibodi. Mpangilio wa kawaida wa Kiarabu hauna پ ya sauti p wala چ ya sauti ch. Wa Kiajemi unazo, lakini ye na kafu zake zina namba tofauti na zile za Kiarabu katika mfumo wa Unicode, hata zinapofanana machoni. Neno moja lililoandikwa kwa kibodi hizo mbili huweza kuhesabiwa kuwa maneno mawili.

Dawa ipo, wala si ghali. Kwanza, mipangilio ya pande zote mbili iwe mmoja: ule wa kawaida wa Marekani au wa Uingereza, au ule wa Kiswahili (Kenya) unaopatikana katika Linux. Pili, kabla ya kazi yoyote katika tarakilishi pepe, liandikwe neno ng'oa liwe kipimo. Tatu, asiye na ruhusa ya kubadili mpangilio wa kimataifa abonyeze ritifaa, kisha nafasi, ndipo aandike irabu. Nne, matini ya hati ya Kiarabu iandikwe mezani kisha inakiliwe na kubandikwa, kwa kuwa unakili hupeleka herufi zenyewe, si vitufe.

Hata hivyo, hila za mtu mmoja mmoja hazitoshi. Idara za Kiswahili hufundisha tahajia kana kwamba kalamu ndiyo chombo pekee cha kuandikia. Inafaa mpangilio wa kibodi uingizwe katika somo hilo, na wasimamizi wa tarakilishi za vyuo wadaiwe mpangilio unaokifaa Kiswahili kwa uzito ule ule wanaodaiwa kamusi na maktaba. Fundi hawezi kulinda alama asiyojua maana yake. Anayeijua ni mwanafunzi na mhadhiri wa Kiswahili, na wakinyamaza, ng'ombe wataendelea kuwa ngómbe katika hifadhi ambazo vizazi vijavyo vitazisoma na kuziamini.