Nasaha kwa Vijana: Pumzi Isikopwe Mapema

Mwezi huu twapenda kusema na vijana wapendao mbio, pamoja na wazazi wao.

Hapa Babati tuliwapeleka wanafunzi wetu wa madrasa uwanjani kushindana mizunguko minne. Filimbi ilipolia, wote walichomoka kama mishale. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa shangwe. Wa tatu, wengi walikuwa wameshika viuno. Wa nne, kijana mmoja alikaa nyasini akilia kwamba hakuumbwa kuwa mkimbiaji. Nasi waalimu, na tukiri kosa letu, ndio tuliokuwa tukipiga kelele, "Ongeza! Ongeza!" tangu hatua ya kwanza.

Kijana yule hana ila. Hesabu ya pumzi ndiyo iliyokosewa. Katika kila sehemu 100 za hewa, yapata sehemu 21 ni oksijeni. Mapafu huitwaa, damu huibeba, moyo huisukuma mpaka misulini, na humo chakula hugeuka nguvu. Kadiri mtu azidishavyo mwendo, ndivyo misuli itakavyo oksijeni zaidi. Lakini kila mwili una kikomo chake. Mkimbiaji akikikaribia na kukipita, misuli huzidi kutoa nguvu bila ya oksijeni. Huo ni mkopo, tena wa hasara: sukari ile ile huzaa nguvu chini ya sehemu moja ya kumi ya ile ambayo ingezaa kwa oksijeni, asidi huzidi misulini, miguu ikawa mizito. Akopaye mwishoni hulipa akiwa amekwisha fika. Akopaye mwanzoni hulipa njiani, na wenziwe wakimpita.

Mfano mwema tunao kwa jirani zetu wa Singida. Tarehe 15 Septemba 2025, katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, Alphonce Simbu alikimbia marathoni, kilomita 42 na ushei, akiwa bado na akiba hata hatua za mwisho. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu alitangulia kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya mashindano hayo.

Basi, vijana, anzeni polepole kuliko nafsi itakavyo. Katika nusu ya kwanza jaribuni kusema maneno machache. Yakikatika, punguzeni mwendo. Mwenye pumu au maumivu ya kifua na amwone tabibu kwanza. Dini yetu imetufunza wastani katika matumizi, na pumzi nayo ni matumizi.

Nasi wazee, kelele zetu tuziweke hadi mzunguko wa mwisho. Yule aliyelia nyasini, juma lililofuata tulimwambia aanze nyuma ya wote. Alimaliza mizunguko minne, wala hakuketi.

Wabillahi tawfiq.